Disney World, Orlando: Pasi Ipi Uilipie na Ipi Uiache

Kila shule zinapokaribia kufungwa, maswali huwa ni yale yale. Shemeji anapiga kutoka Columbus: "Hiyo Park Hopper ni lazima?", akimaanisha nyongeza ya kuhama bustani siku hiyo hiyo. Binamu anayeleta watoto kutoka Dar anauliza kama tiketi aliyoiona ya dola 160 ndiyo imemaliza kila kitu. Haijamaliza. Mwingine ameshalipia kila nyongeza aliyoonyeshwa kwenye simu, ndipo anauliza kama amefanya vizuri. Soma hapa kwanza, upige hesabu zako, halafu ndiyo utoe kadi.

Ninazungumzia Walt Disney World ya Florida, yenye bustani za burudani za michezo ya kupanda. Disneyland ya California na ile ya Paris zina taratibu zao. Bei nyingine hapa ni za mfano tu, kwa sababu bei halisi hubadilika kwa tarehe. Badala ya mfano, weka bei ya siku yako.

Nadharia ni fupi. Tiketi inakuingiza getini. Nyongeza nyingi zinakuuzia muda wa kutosimama foleni. Zamani muda huo ulitolewa bure, ukiitwa FastPass, mpaka bustani zilipofungwa kwa ajili ya korona mwaka 2020. Mwaka 2021 ulirudi kwa malipo, ukiitwa Genie+, kwa dola 15 kwa siku. Julai 2024 ukapewa jina la Lightning Lane Multi Pass; Lightning Lane ni ile njia ya pembeni ya kuruka foleni ya kawaida. Kwa hiyo ushauri wa mjomba aliyekwenda mwaka 2018 ni wa nia njema, lakini umepitwa na wakati.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Umri wa kila mtu siku ya kuingia. Aliye chini ya miaka 3 haingii kwenye hesabu ya tiketi. Miaka 3 hadi 9 ni bei ya mtoto, ambayo ni pungufu kidogo tu. Kuanzia miaka 10 analipa kama baba yake.
- Urefu wa kila mtoto kwa sentimita. Mpime ukutani leo, usikisie.
- Tarehe mbili au tatu unazoweza kuchagua kati yake.
- Programu ya My Disney Experience kwenye simu, watu wote wa msafara wakiwa ndani ya akaunti moja, pamoja na kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni.
- Pawabenki. Siku nzima utakuwa unaishi kwenye simu.
- Kiasi cha juu cha pesa ambacho hutakivuka, mmekubaliana wewe na mwenzako kabla watoto hawajaanza kuomba.

Hatua ya 1: Hesabu siku za bustani, si siku za safari

Bustani kubwa ni nne: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Safari ya siku saba haimaanishi tiketi ya siku saba. Siku ya kufika mmechoka, siku ya kuondoka mna mabegi, na katikati watoto wanataka bwawa la kuogelea la hoteli, ambalo mmeshalilipia. Familia nyingi zinatosheka na siku tatu au nne.

Tiketi ya siku 4 hutumika ndani ya siku 7, kwa hiyo kupumzika katikati hakukupotezei kitu. Kadiri siku zinavyoongezeka, bei ya kila siku hushuka, na hapo ndipo watu hunaswa: wanaongeza siku ya tano kwa kuwa "ni dola chache tu" kwa mtu. Zidisha hizo dola chache kwa watu watano, weka kodi ya asilimia 6.5, kisha ongeza chakula cha siku hiyo. Ndiyo bei yake kamili.

Hatua ya 2: Chagua tarehe kabla ya nyongeza

Hatua hii inaokoa pesa kuliko zote zinazofuata. Mwaka 2025 tiketi ya siku moja ilianzia dola 119 hadi 199 kabla ya kodi, kutegemea bustani na tarehe. Siku za bei ya juu ndizo siku za foleni ndefu, na siku hizo hizo nyongeza nazo hupanda. Unalipa mara mbili kwa kosa moja.

Epuka ukiweza: wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya, wiki ya Thanksgiving, na likizo za Machi na Aprili. Mwisho wa Agosti na Septemba, shule za Marekani zikishafunguliwa, kunatulia. Joto ni kali na vimbunga ni msimu wake, lakini mtu aliyekulia Tanga hatishwi na joto.

Tahadhari: kuanzia Agosti hadi Desemba, Magic Kingdom huwa na sherehe za Halloween na Krismasi zenye tiketi yake ya pembeni. Usiku wa sherehe, mwenye tiketi ya kawaida hutolewa saa 12 jioni na hapati fataki za usiku. Ukitaka foleni fupi mchana, siku hizo ni nzuri. Ukiwa na siku moja tu ya Magic Kingdom na watoto wanasubiri fataki, utalia. Angalia kalenda ya saa za kufunga kabla hujachagua.

Hatua ya 3: Andika nani atapanda nini

Chukua karatasi. Andika michezo mnayoitaka kwa kila bustani, na mbele ya kila mmoja andika majina ya watakaopanda kweli. Tumia urefu uliopima:

- TRON (Magic Kingdom): sentimita 122
- Space Mountain (Magic Kingdom) na Avatar Flight of Passage (Animal Kingdom): 112
- Guardians of the Galaxy: Cosmic Rewind (EPCOT): 107
- Star Wars: Rise of the Resistance (Hollywood Studios): 102
- Seven Dwarfs Mine Train (Magic Kingdom) na Slinky Dog Dash (Hollywood Studios): 97

Peter Pan's Flight, Jungle Cruise na Kilimanjaro Safaris hazina kipimo. Mtoto mchanga na bibi wote wanaingia.

Mlangoni kuna mfanyakazi mwenye kijiti cha kupimia. Sentimita moja ikipungua, mtoto harudishwi kwa ukali, lakini hapitishwi pia. Ukiwa umemnunulia Multi Pass, hutarudishiwa kitu.

Mkiwa na mdogo asiyefikia kipimo, ombeni Rider Switch. Ni bure. Mzazi mmoja anabaki na mtoto, wengine wanapanda, kisha yule aliyebaki anapitishwa njia ya Lightning Lane bila kulipia. Wengi hununua pasi kwa ajili ya tatizo ambalo mfanyakazi wa mlangoni angewatatulia kwa kuombwa tu.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya Multi Pass

Multi Pass hulipiwa kwa kila mtu kwa kila siku, na bei ya mtoto ni sawa na ya mtu mzima. Unachagua michezo mitatu mapema, kila mmoja na saa yake. Ukishaanza kuitumia ndani ya bustani, unaongeza mwingine, kisha mwingine. Kila mchezo ni mara moja kwa siku. Magic Kingdom, EPCOT na Hollywood Studios zimegawa michezo katika makundi mawili, na kutoka kundi la michezo inayogombewa unachukua mmoja tu mwanzoni.

Hesabu yenyewe ni hii: bei ya mtu mmoja, gawanya kwa saa utakazookoa.

Tuseme ni Julai, Magic Kingdom. Pasi ni dola 30. Foleni ya kawaida ni dakika 60 kwa wastani, na kwa Lightning Lane utasimama 15. Umeokoa dakika 45. Michezo mitano ni dakika 225, yaani saa 3 na dakika 45. Dola 30 kwa saa hizo ni dola 8 kwa saa.

Sasa tuseme ni Septemba. Pasi ni dola 20. Foleni ni dakika 25, kwa pasi ni 10. Michezo mitano inaokoa dakika 75. Hapo ni dola 16 kwa saa.

Utajuaje kama 8 ni rahisi na 16 ni ghali? Linganisha na tiketi yako. Tiketi ya dola 160, pamoja na kodi, ni kama 170. Ukikaa ndani saa 10, kila saa umeinunua kwa dola 17. Pasi inayokuuzia saa kwa dola 8 inakupa bustani kwa nusu bei, kwa hiyo ilipie. Inayokuuzia kwa 16 haina faida ya maana, na kama tiketi yako ni ya siku nyingi iliyoshuka hadi dola 140 kwa siku, hiyo ni hasara. Iache, amka mapema.

Muda wa kusubiri utaupata kwenye programu yenyewe. Wiki chache kabla ya safari, ifungue siku inayofanana na yako, mathalani Jumanne kama utaingia Jumanne, uangalie saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Dakika zinazoandikwa mara nyingi huwa zimezidishwa kidogo, kwa hiyo usizikuze tena kichwani mwako.

Sasa rudi kwenye karatasi ya hatua ya 3. Si lazima kila mtu awe na pasi. Baba, mama, bibi, kijana wa miaka 12, binti wa miaka 6 na mdogo wa miaka 2: wa miaka 2 hahitaji chochote. Kwa pasi za dola 30, watano ni 150. Lakini bibi amesema wazi kwamba hataki kutikiswa, na binti hafiki vipimo vya nusu ya orodha. Nunueni tatu, dola 90. Michezo ya wote, kama Peter Pan's Flight, ifanyeni kwa pamoja asubuhi geti linapofunguliwa, kabla foleni haijanenepa. Mchana wenye pasi waende zao, bibi akae na wadogo kwenye kivuli wakiangalia gwaride.

Kwa maoni yangu, bustani hazilingani:

Magic Kingdom ina michezo mingi kuliko nyingine, na hapo ndipo Multi Pass hujilipa kirahisi. Hollywood Studios inafuata, kwa sababu michezo ni michache na watu ni wengi. EPCOT nusu ya raha ni kutembea na kula, kwa hiyo inategemea. Animal Kingdom naiacha karibu kila mara. Kinachogombewa zaidi pale ni Flight of Passage, ambacho hakimo ndani ya Multi Pass. Na kulipa ili uwahi Kilimanjaro Safaris, wewe uliyekwishaona twiga wakivuka barabara Mikumi, ni juu yako. Watoto waliozaliwa Minnesota wanaipenda sana, nakiri, na kijiji cha Harambe walichokijenga pale kwa kuigiza Lamu kinafaa kupigwa picha. Nenda asubuhi, wanyama wakiwa macho. Foleni huwa ya kuvumilika.

Saa ya kuhifadhi ni muhimu. Waliolala hoteli za Disney wanafunguliwa siku 7 kabla ya kufika, wengine siku 3 kabla ya siku ya kuingia, saa 1 kamili asubuhi ya Florida. Ukiwa Dar au Nairobi, hiyo ni saa 8 mchana majira yao ya joto na saa 9 alasiri majira yao ya baridi.

Hatua ya 5: Single Pass moja moja, Premier Pass achana nayo

Michezo mikubwa kabisa, kama TRON, Cosmic Rewind, Rise of the Resistance na Flight of Passage, huuzwa mmoja mmoja kwa Single Pass. Hesabu ni ile ile. Ukilipa dola 20 ili kuepuka dakika 100, ni dola 12 kwa saa, sawa. Kwa dakika 40, hapana. Anayelala hoteli ya Disney huingia nusu saa kabla ya wengine kila siku bila malipo. Akiitumia nusu saa hiyo kwenda moja kwa moja kwenye mchezo mkubwa, ameokoa pesa ya Single Pass.

Premier Pass, iliyoanza Oktoba 2024, inakupitisha kila mlango wa Lightning Lane mara moja bila kupangiwa saa. Ilipoanza, bei yake Magic Kingdom ilifika dola 449 kwa mtu kwa siku. Kwa watu watano ni dola 2,245. Kwa hizo mnaweza kurudi tena mwaka ujao.

Kwa watakaokwenda Universal, bustani za kampuni nyingine hapo karibu Orlando: kabla hujanunua Express Pass, pasi yao ya kuruka foleni, angalia bei ya usiku mmoja Hard Rock Hotel, Royal Pacific au Portofino Bay. Mgeni wa hoteli hizo tatu hupewa Express Unlimited ya Universal Studios Florida na Islands of Adventure, siku ya kuingia hotelini na siku ya kutoka. Usiku mmoja, siku mbili za Express kwa kila aliye chumbani. Epic Universe, bustani yao iliyofunguliwa Mei 2025, haimo.

Hatua ya 6: Park Hopper

Hii inakuruhusu kuhama bustani siku hiyo hiyo. Usiulize "itakuwa vizuri kuwa nayo?", maana kila kitu ni vizuri kuwa nacho. Uliza: ni siku zipi hasa tutahama, kutoka wapi kwenda wapi? Kama nyongeza ni dola 90 kwa mtu na mtahama mara mbili, kila kuhama ni dola 45 kwa mtu, 225 kwa watu watano. Na kutoka geti moja hadi jingine, pamoja na basi na ukaguzi wa mabegi, weka saa nzima.

Inafaa kwa wanaopanga kuhama kati ya EPCOT na Hollywood Studios, ambako kuna boti, njia ya miguu na vibanda vya kamba vya Skyliner. Inafaa pia kwa mwenye siku mbili tu anayetaka kugusa bustani zote nne. Mwenye watoto wanaolala mchana haimfai.

Zuri ni kwamba unaweza kuiongeza baadaye, hata ukiwa umeshaanza kutumia tiketi. Kuipunguza huwezi. Anza na tiketi ya chini.

Hatua ya 7: Pasi ya mwaka

Kwa kawaida asiyeishi Florida ana chaguo moja, Incredi-Pass, na bei yake imezidi dola 1,500. Chukua bei ya tiketi za safari zote unazohakika nazo ndani ya miezi 12, ongeza ada ya maegesho kwa kila siku ya bustani kama utaendesha gari na hulali hoteli ya Disney, kwa sababu mwenye pasi halipi maegesho. Jumla isipozidi bei ya pasi, acha. Safari ambayo hujainunulia nauli ya ndege usiihesabu.

Familia inayokwenda mara mbili kwa mwaka inaweza kumnunulia pasi mtu mmoja tu, dereva, kwa ajili ya maegesho na punguzo, wengine wakabaki na tiketi za kawaida.

Hatua ya 8: Chakula na picha

Mpango wa chakula huuzwa kwa wanaolala hoteli za Disney tu. Kila mlo una kinywaji, na kwa mwenye miaka 21 na zaidi kinywaji hicho kinaweza kuwa bia, divai au kokteli. Bei imehesabiwa hivyo. Kama nyumbani kwenu hampigi kilevi, mnalipia glasi ambazo hamtazigusa. Lipeni mlo kwa mlo. Chakula cha kutoka nyumbani kinaruhusiwa getini mradi kisiwe kwenye chupa za kioo, na maji ya barafu hutolewa bure kwenye vikombe kwenye mikahawa ya kaunta. Chapati za kufungia kwenye karatasi ya foili zimepita ukaguzi mara nyingi tu.

Memory Maker, kifurushi cha picha zote, ni karibu dola 200 kwa akaunti nzima, si kwa mtu. Kwa ukoo wa watu kumi uliotoka mbali, ni bei nzuri. Kwa wawili, mpe mpigapicha wa Disney simu yako. Atakupiga bure.

Hatua ya 9: Lipa kwa mpangilio

Tiketi kwanza, kisha ziunganishe na programu, kisha Lightning Lane siku yake ikifika, Park Hopper mwisho kabisa.

Usinunue tiketi iliyotumika nusu, iwe kwenye vibanda vya barabara ya 192 kule Kissimmee au kwa mtu wa kundi la WhatsApp. Tiketi ni ya mtu mmoja, kidole husomwa getini, na sheria ya Florida inakataza kuuza siku zilizobaki. Tiketi "za bure" mara nyingi zinakudai ukae kwenye kikao cha kuuziwa nyumba za likizo za kushirikiana. Kama asubuhi yako ya Orlando ina thamani, umeshajua jibu.

Yakikwama

Mchezo umeharibika saa yako ikifika. Usikimbilie ofisini. Angalia programu: pasi yako hugeuzwa kuwa ya kutumia kwenye mchezo mwingine baadaye siku hiyo.

Radi imefunga michezo ya nje. Kiangazi ni karibu kila alasiri. Ingieni ya ndani, na baada ya mvua rudini haraka kabla ya waliokimbilia hotelini.

Hakuna saa nzuri zilizobaki. Chukua yoyote, kisha endelea kujaribu kuibadilisha. Watu hughairi siku nzima na nafasi huchomoza.

Kidole cha bibi hakisomeki getini. Mikono iliyolima miaka mingi huwa hivyo. Awe na pasipoti yake mkononi, si kwenye begi la mjukuu aliyeshatangulia. Wataangalia jina na kumpitisha.

Tiketi haionekani kwenye programu. Weka namba ya uthibitisho mwenyewe. Ikigoma, nenda Guest Relations, ofisi ya kuhudumia wageni, nje ya geti ukiwa na barua pepe ya malipo.

Mtoto ameugua, siku yote imepotea. Tiketi hairudishwi pesa, lakini ambayo haijatumika kabisa, thamani yake inaweza kuhamishiwa kwenye ununuzi wa tarehe nyingine, na ukilipa tofauti kama bei imepanda. Iliyotumika hata siku moja haina nafuu hiyo. Pigia simu asubuhi hiyo hiyo, ukiwa bado hujampitisha mtu yeyote getini kwa tiketi hizo.